Tesla: Soko linanunua magari au linanunua ahadi za Musk?

NOVEMBA 6, 2025, wanahisa wa kampuni ya magari ya umeme ya Tesla walikutana katika kiwanda chake kilichopo Austin, jimboni Texas, Marekani, na kupitisha uamuzi ambao haukuwa na mfano katika historia ya makampuni yanayouza hisa kwa umma. Kwa zaidi ya asilimia 75 ya kura zilizopigwa, waliridhia mpango wa kumlipa Mtendaji Mkuu wao, Elon Musk, hisa ambazo thamani yake inaweza kufikia dola trilioni moja za Marekani, iwapo atatimiza masharti yote katika kipindi cha miaka 10.

Masharti yenyewe si mepesi. Musk anatakiwa kuifikisha thamani ya kampuni sokoni kwenye dola trilioni 8.5, kufikisha jumla ya magari milioni 20 yaliyokabidhiwa kwa wateja, kuzalisha roboti milioni moja na kuingiza barabarani teksi milioni moja zinazojiendesha zenyewe. Hoja ya bodi ya wakurugenzi ilikuwa fupi: asipotimiza, hapati kitu.

Hata hivyo, haikupita miezi mitatu kabla ya hesabu za mwaka kutoa picha nyingine. Takwimu zilizotolewa Januari 2026 zilionyesha kuwa mwaka 2025 Tesla ilikabidhi magari yapatayo milioni 1.64, kutoka milioni 1.79 mwaka 2024 na milioni 1.81 mwaka 2023. Mapato ya mwaka yalishuka hadi dola bilioni 94.8 kutoka dola bilioni 97.7. Faida halisi, ambayo mwaka 2024 ilikuwa dola bilioni 7.1, iliporomoka hadi dola bilioni 3.8.

Pamoja na kuporomoka huko, soko liliufunga mwaka 2025 likiithamini Tesla kwa zaidi ya dola trilioni 1.4. Toyota ya Japan, ambayo kundi lake liliuza magari zaidi ya milioni 10 mwaka 2024, haikufikia hata robo ya thamani hiyo.

Hapo ndipo lilipo swali ambalo limewagawa watu wa masoko ya mitaji kwa zaidi ya miaka 15 sasa: je, hisa za kampuni hii na mtu anayeiongoza wanastahili imani waliyopewa? Na kama wanastahili, ni imani ya kiasi gani?

Kampuni iliyozaliwa bila Musk

Ni vema kuanza na jambo ambalo wengi hulichanganya. Tesla haikuanzishwa na Musk. Ilisajiliwa Julai 2003 na wahandisi wawili wa California, Martin Eberhard na Marc Tarpenning. Musk, aliyekuwa amepata fedha baada ya kampuni ya malipo ya PayPal kuuzwa kwa eBay mwaka 2002, aliingia Februari 2004 kama mwekezaji mkubwa, akaweka dola milioni 6.5 na kuwa mwenyekiti wa bodi.

Eberhard aliondolewa katika uongozi mwaka 2007, na ugomvi wao ukafika mahakamani mwaka 2009. Ulimalizwa kwa makubaliano kwamba watu watano, Musk akiwa miongoni mwao, wana haki ya kujiita waasisi. Wanaomtilia shaka hulichukua tukio hilo kama dalili ya awali ya mtu anayependa kuandika upya historia. Wanaomwamini hujibu kuwa bila fedha zake na ukaidi wake kampuni hiyo isingeuona mwaka 2010.

Katika hili, wanaomwamini wana ushahidi. Mwishoni mwa 2008, dunia ikiwa katikati ya msukosuko wa fedha na General Motors na Chrysler zikililia msaada wa serikali, Tesla ilibakiwa na fedha za siku chache tu. Musk, aliyekuwa ameshika utendaji mkuu Oktoba mwaka huo, alitumbukiza alichobakiwa nacho. Mwaka 2009 kampuni ya Daimler ya Ujerumani ilinunua karibu asilimia 10 ya hisa kwa dola milioni 50, na mwaka 2010 Wizara ya Nishati ya Marekani ikatoa mkopo wa dola milioni 465. Mkopo huo ulilipwa wote Mei 2013, miaka tisa kabla ya muda wake.

Juni 29, 2010 hisa za Tesla ziliuzwa kwa umma kwa mara ya kwanza, kila moja dola 17. Ilikuwa kampuni ya kwanza ya magari ya Marekani kuingia sokoni tangu Ford mwaka 1956. Tangu wakati huo hisa zimegawanywa mara mbili, tano kwa moja mwaka 2020 na tatu kwa moja mwaka 2022. Kwa hesabu hiyo, aliyeweka dola 1,000 siku ile na kutozigusa alikuwa na zaidi ya dola 390,000 mwishoni mwa 2025.

Hoja za wanaoamini

Wafuasi wa Tesla hawakosi la kusema. Kabla ya gari aina ya Model S kuingia sokoni mwaka 2012, gari la umeme lilichukuliwa kuwa chombo cha kuendea sokoni na kurudi, kidogo, kizito na kisicho na haiba. Tesla ililigeuza kuwa kitu ambacho tajiri alikitamani, kisha ikalisogeza kwa mtu wa kipato cha kati. Mwaka 2023 Model Y yake iliongoza kwa mauzo kati ya magari yote duniani, yakiwamo yanayotumia petroli.

Aidha, wanakumbusha kuwa mara zote ambazo wataalamu waliitabiria kifo, kampuni hiyo ilinusurika. Mwaka 2017 na 2018 uzalishaji wa Model 3 ulikwama kiasi kwamba sehemu ya kazi ilihamishiwa kwenye hema kubwa lililojengwa nje ya kiwanda cha Fremont. Baadaye Musk mwenyewe alikiri kwamba kampuni ilifika umbali wa takriban mwezi mmoja kabla ya kufilisika. Lakini mwishoni mwa Juni 2018 lengo la magari 5,000 kwa wiki lilifikiwa, na kiwanda cha Shanghai, ambacho ujenzi wake ulianza Januari 2019, kilikuwa kikitoa magari kabla ya mwaka huo kwisha.

Waliothubutu kucheza kinyume chake walilipa kwa machozi. Jim Chanos, aliyejipatia jina kwa kutilia shaka hesabu za Enron kabla kampuni hiyo haijaanguka mwaka 2001, alikuwa miongoni mwa walioazima hisa za Tesla na kuziuza wakitarajia bei ishuke. Mwaka 2020 bei hiyo ilipanda zaidi ya mara nane, na wenye msimamo kama wake wakapoteza makumi ya mabilioni ya dola kwa pamoja. Kwa upande wa pili, Cathie Wood wa kampuni ya uwekezaji ya Ark, ambaye Februari 2018 wengi walimcheka aliposema hisa moja itafika dola 4,000 ndani ya miaka mitano, aliona utabiri wake ukitimia Januari 2021, ukizingatia mgawanyo wa hisa uliokuwa umefanyika.

Zaidi ya hapo, waumini wanasema kuipima Tesla kwa idadi ya magari ni kuikosea. Biashara yake ya betri kubwa za kuhifadhi umeme wa gridi, ambayo wengi hawaioni kwa sababu haipiti barabarani, ilifunga mitambo yenye uwezo wa gigawati-saa 31.4 mwaka 2024 na 46.7 mwaka 2025. Kwao, magari yalikuwa mlango tu wa kuingilia. Nyumba yenyewe ni teksi zisizo na dereva, roboti na akili bandia.

Hesabu zinazogoma

Wenye shaka hujibu kwa kalamu na karatasi. Kampuni yenye thamani ya dola trilioni 1.4 inayopata faida ya dola bilioni 3.8 kwa mwaka ingehitaji zaidi ya miaka 350 kurudisha bei yake, kama faida ingebaki hapo ilipo. Bei ya namna hiyo ina maana moja: mnunuzi halipii kilichopo, analipia kitakachokuja. Na kitakachokuja hakitoshi kiwe kizuri. Lazima kiwe kikubwa kuliko chochote kilichowahi kufanywa na kampuni ya magari.

Biashara iliyopo, wanasema, inarudi nyuma. Mwaka 2022 Tesla ilibakiwa na karibu dola 17 za faida ya uendeshaji katika kila dola 100 za mauzo. Mwaka 2024 zilibaki takriban saba. Katikati ya miaka hiyo kampuni ilikata bei mara kwa mara ili kulinda soko, wakati washindani wa China wakileta magari mapya kila msimu. Mwaka 2025 BYD ya Shenzhen iliuza magari ya umeme mtupu yapatayo milioni 2.26 na kuchukua rasmi nafasi ya kwanza duniani, nafasi ambayo Tesla ilikuwa imeikalia kwa miaka kadhaa.

Lipo pia suala la mkono wa serikali, ambalo wafuasi wengi wa soko huria hupenda kulipita haraka. Kwa miaka mingi watengenezaji wa magari ya petroli, waliotakiwa na sheria kupunguza moshi, walilazimika kununua hati za kupunguza uchafuzi kutoka kwa Tesla. Mwaka 2024 peke yake hati hizo ziliingiza dola bilioni 2.76, fedha ambazo kuzipata hakuhitaji kuunganisha hata gari moja la ziada. Sheria ya kodi iliyosainiwa Julai 2025 iliondoa adhabu zilizowafanya watengenezaji wa Marekani wanunue hati hizo, na nafuu ya kodi ya dola 7,500 kwa mnunuzi wa gari la umeme ikafutwa baada ya Septemba 30 mwaka huo. Wateja walikimbilia kununua kabla ya tarehe hiyo, robo ya tatu ikaweka rekodi ya magari zaidi ya 497,000, kisha robo ya nne ikashuka hadi takriban 418,000.

Ahadi ni deni

Lakini hoja nzito kuliko zote dhidi ya Musk haihusu hesabu. Inahusu kalenda.

Oktoba 2016 kampuni ilitangaza kuwa kila gari litokalo kiwandani lina vifaa vyote vinavyohitajika ili lijiendeshe kikamilifu, na Musk akaahidi kuwa kabla ya 2017 kwisha gari moja lingesafiri kutoka Los Angeles hadi New York bila mtu kugusa usukani. Safari hiyo haikufanyika. Aprili 2019 aliwaambia wawekezaji kuwa mwaka uliofuata kungekuwa na teksi milioni moja zisizo na dereva barabarani. Mwaka 2020 ulipita bila hata moja.

Gari la kifahari la Roadster la kizazi cha pili lilionyeshwa Novemba 2017, wateja wakatakiwa kulipa amana, na likaahidiwa kwa mwaka 2020. Hadi mwaka 2025 unakwisha hakuna mteja aliyekabidhiwa. Lori la Semi, lililoonyeshwa siku hiyo hiyo, lilianza kukabidhiwa Desemba 2022, miaka mitatu baada ya muda uliotajwa. Cybertruck, lililozinduliwa 2019, lilifika kwa wateja Novemba 2023 kwa bei ya juu kuliko iliyotangazwa, na tangu hapo limerudishwa mara kadhaa kwa marekebisho ya usalama.

Wahenga walisema ahadi ni deni. Katika biashara ya kawaida, mdaiwa anayechelewa kulipa kwa miaka minane hupoteza sifa ya kukopeshwa tena. Kwa Tesla imekuwa kinyume: kila deni lililochelewa limefuatwa na mkopo mkubwa zaidi wa imani.

Watetezi wake wana jibu ambalo haliwezi kupuuzwa. Wanasema Musk hukosea tarehe, lakini mara nyingi hakosei mwelekeo. Juni 22, 2025 teksi za kwanza za Tesla zilianza kubeba abiria mjini Austin, japo kwa idadi ndogo na kukiwa na mfanyakazi wa kampuni aliyeketi kiti cha mbele kuangalia usalama. Ni hatua, wanasema, na hatua ya kwanza ndiyo ngumu.

Ugumu wa jibu hilo ni kwamba wakati Tesla ikipiga hatua ya kwanza, Waymo, kampuni dada ya Google, ilikuwa tayari imefikisha safari za kulipia zaidi ya 250,000 kwa wiki katika miji kadhaa ya Marekani, bila mtu yeyote kwenye usukani. Aidha, tarehe anazokosea Musk si maneno ya barazani. Watu walinunua programu ya kujiendesha kwa maelfu ya dola kwa kuziamini, na wengine walinunua hisa kwa sababu hiyo hiyo.

Kosa la tarehe lina sura nyingine ya kutisha zaidi. Desemba 2023 Tesla ililazimika kurekebisha programu katika magari yapatayo milioni mbili nchini Marekani, baada ya mamlaka ya usalama barabarani kusema kuwa mfumo wake wa kusaidia udereva haukuwa na kinga za kutosha dhidi ya dereva aliyezembea. Agosti 1, 2025, baraza la mahakama mjini Miami liliitia Tesla hatiani kwa sehemu katika ajali ya mwaka 2019 iliyoua mtu mmoja na kumjeruhi vibaya mwingine, na kuiamuru ilipe takriban dola milioni 243. Kampuni ilisema dereva ndiye mwenye kosa na kwamba ingekata rufaa. Vyovyote itakavyokuwa, kesi hiyo ilikumbusha kuwa pengo kati ya jina la bidhaa na uwezo wake linaweza kugharimu uhai wa mtu.

Nani wa kumwambia hapana?

Agosti 7, 2018 Musk aliandika katika mtandao wa Twitter kuwa anafikiria kuiondoa Tesla sokoni kwa dola 420 kwa hisa na kwamba fedha zimeshapatikana. Bei ilipanda siku hiyo hiyo. Tume ya Dhamana na Masoko ya Mitaji ya Marekani ilimshitaki mwezi uliofuata kwa kuwapotosha wawekezaji. Katika mapatano, bila kukiri wala kukana kosa, yeye na kampuni walilipa dola milioni 20 kila mmoja, naye akaachia uenyekiti wa bodi. Zaidi ya miaka minne baadaye, Februari 2023, baraza la mahakama mjini San Francisco lilimwona hana hatia katika kesi ya madai iliyofunguliwa na wanahisa kuhusu ujumbe huo huo.

Matokeo hayo mawili yanatosha kuwapa silaha pande zote mbili. Lakini jambo lililo wazi ni kwamba kumwondoa kwenye kiti cha mwenyekiti hakukupunguza uzito wake ndani ya kampuni. Januari 30, 2024, Jaji Kathaleen McCormick wa mahakama ya Delaware alifuta malipo ya mwaka 2018 yaliyothaminiwa kufikia dola bilioni 56. Alieleza kuwa wakurugenzi waliojadiliana na Musk walikuwa na ukaribu naye wa kibiashara na wa kibinafsi, kiasi kwamba hapakuwa na majadiliano ya kweli, na kwamba wanahisa hawakuelezwa hayo ipasavyo walipopiga kura.

Kampuni haikubadili bodi. Ilibadili makao. Juni 2024 wanahisa waliridhia kuhamisha usajili kutoka Delaware kwenda Texas na kuyathibitisha upya malipo yale. Desemba 19, 2025 Mahakama Kuu ya Rufaa ya Delaware ilitengua hukumu ya Jaji McCormick, ikiona kuwa kuyafuta malipo yote ilikuwa adhabu iliyopita kiasi, na Musk akarudishiwa haki yake.

Kisheria, basi, ameshinda. Kiutawala, swali limebaki pale pale. Kabla ya kura ya Novemba 2025, Mwenyekiti wa bodi, Robyn Denholm, aliwaonya wanahisa kuwa mpango huo ukikataliwa, Musk anaweza kuondoka. Mfuko wa akiba ya mafuta wa Norway, mmoja wa wanahisa wakubwa, ulipiga kura ya hapana ukitaja ukubwa wa malipo, kupungua kwa sehemu ya wanahisa wengine na hatari ya kampuni kumtegemea mtu mmoja. Kwa maneno mengine, bodi ilitumia utegemezi huo kama sababu ya kumlipa, na Norway ikautumia kama sababu ya kuogopa. Pande zote mbili zilikubaliana kuwa utegemezi upo.

Mchuma janga

Utegemezi huo una bei, na wanahisa wameshaionja. Oktoba 2022 Musk alinunua Twitter kwa dola bilioni 44, na ili kupata fedha aliuza hisa za Tesla za mabilioni ya dola mwaka huo. Bei ya hisa ilishuka kwa asilimia 65 katika mwaka 2022. Aliyenunua hisa za dola 1,000 katika kilele cha Novemba 2021 alibakiwa na chini ya dola 270 mapema Januari 2023, na ilimbidi asubiri hadi Desemba 2024 ili arudishe mtaji wake.

Kisha ikaja siasa. Julai 2024 Musk alitangaza kumuunga mkono Donald Trump, akatumia zaidi ya dola milioni 250 katika uchaguzi, na kuanzia Januari 2025 akaongoza kazi ya kupunguza matumizi na watumishi wa serikali. Soko lilishangilia kwanza, likiamini kuwa rafiki wa Ikulu hakosi neema. Lakini wateja wa magari ya umeme Ulaya na katika miji mikubwa ya Marekani, ambao wengi wao wana mwelekeo tofauti wa kisiasa, walianza kuyakimbia. Waandamanaji walikusanyika mbele ya maduka ya Tesla, na baadhi ya magari yakachomwa moto. Kati ya katikati ya Desemba 2024 na mapema Machi 2025 hisa ilipoteza zaidi ya nusu ya bei yake.

Juni 5, 2025 urafiki huo ulivunjika hadharani. Kwa siku moja ya kurushiana maneno kati ya Musk na Trump, hisa ilishuka kwa asilimia 14 na thamani ya takriban dola bilioni 150 ikayeyuka. Hakuna kiwanda kilichoungua siku hiyo wala gari lililorudishwa. Ni kinywa cha mtu mmoja. Mchuma janga hula na wa kwao, na katika hili wa kwao ni mamilioni ya watu wasiomjua.

Wengi wao hawakuchagua hata kuwamo. Tangu Desemba 2020 Tesla imo katika orodha ya S&P 500, ambayo mifuko mingi ya pensheni hununua hisa zake zote kwa uwiano bila kuchagua. Mwalimu wa Ohio na muuguzi wa Minneapolis aliyetoka Mogadishu au Mombasa, wanaokatwa mshahara kwa ajili ya uzee, wana kipande cha Tesla hata kama hawajawahi kuota kulimiliki gari lake.

Upepo wa imani hiyo hufika hata barani Afrika kwa njia isiyoandikwa katika bei ya hisa. Kobalti ya Kolwezi, Kongo, imeingia katika betri za Tesla, na mgodi wa grafiti wa Balama, katika jimbo la Cabo Delgado nchini Msumbiji, ndio unaotegemewa na kiwanda cha Louisiana kilichoingia mkataba na kampuni hiyo mwaka 2021. Lakini mapema mwaka 2022 karibu nusu ya magari iliyozalisha yalikwisha kuhamia betri zisizo na kobalti kabisa. Uamuzi wa mhandisi mmoja huko ng'ambo unaweza kupandisha mji wa wachimbaji au kuushusha, nao hauna kura katika mkutano wa Austin.

Imani ya kiasi gani?

Kosa la mjadala huu ni kuufanya wa ndiyo au hapana. Tesla ni kampuni halisi, yenye viwanda katika mabara matatu na faida ambayo, ingawa imepungua, haikuwa hewa. Anayesema ni ulaghai mtupu anapaswa kueleza zaidi ya magari milioni nane yaliyokwisha kukabidhiwa yametoka wapi. Kwa kipimo cha kiwanda, imani inastahili.

Kwa kipimo cha tarehe, haistahili. Miaka minane ya ahadi zilizochelewa ni ushahidi wa kutosha kwamba siku anayoitaja Musk isiingizwe katika hesabu ya mtu yeyote mwenye watoto wa kusomesha. Na kwa kipimo cha utawala, imani hiyo haina mdhamini, kwa kuwa chombo chenye jukumu la kumwambia hapana ndicho kilichoandika barua ya kuogopa asiondoke.

Tatizo la bei ya sasa ni kwamba haimruhusu mnunuzi kuchagua. Inamtaka alipie vipimo vyote vitatu kwa pamoja, kana kwamba kiwanda, kalenda na mtu vyote vimeshafaulu. Januari 2026 kampuni ilitangaza kuwa itaacha kutengeneza Model S na Model X, magari yaliyoijengea jina, ili nafasi yao Fremont itumike kwa roboti. Pia iliahidi kuwekeza dola bilioni mbili katika kampuni ya akili bandia ya xAI, ambayo ni ya Musk huyo huyo. Wanaomwamini wameona ujasiri katika hatua hizo. Wahenga, waliokwisha kuona misafara mingi, wangeuliza kwa nini mtu aache mbachao kwa msala upitao.

Waliomcheka mwaka 2010 walikosea, na hilo lisisahauliwe. Lakini aliyenunua kwa dola 17 alikuwa akinunua shaka ya watu wengine kwa bei ya chini. Anayenunua leo ananunua uhakika wao kwa bei ya juu. Gari ni lile lile na dereva ni yule yule, ila nauli imepanda kiasi kwamba hata safari ikifika salama, abiria wa mwisho kupanda anaweza kushuka mikono mitupu.